Kompyuta ya Zamani, Mfumo Mpya

Oktoba 14, 2025, Watanzania wakiwa kwenye mapumziko ya Siku ya Nyerere, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Hakuna kompyuta iliyozimika siku ile. Zinawaka kama jana, ila tundu jipya likigunduliwa na wezi wa mtandaoni, haliji tena kuzibwa lenyewe kama zamani.

Kwa mwenye steshenari Ziwani, Mtwara, si habari ya mbali. Mashine yake huchapa barua, hujaza maombi ya mkopo wa HESLB na ya kazi Ajira Portal, na humo zimo namba za NIDA za nusu ya kijiji. Fundi atamshauri apige Windows 11. Basi na aitazame kwanza CPU iliyo chini ya meza.

Tuchukue Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, mtumba wa kazi. Ina prosesa ya Intel ya kizazi cha tatu. Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, kifaa kinachotunza funguo za siri za kompyuta. RAM inaongezwa, lakini mlango huu haufunguki kwa RAM. Mafundi wanazo njia za kuuruka, ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine iliyopitishwa dirishani. Kwa kompyuta inayobeba siri za wateja, ni kujisumbua tu.

Njia iliyonyooka ni Linux Mint, mfumo wa kompyuta unaochukua nafasi ya Windows. Ni ya bure, na inaridhika na RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora. Imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina Ubuntu lenyewe Mswahili halimpi shida, ni utu.

Kabla ya kufuta chochote, Mint huonjwa. Inawekwa kwenye flashi, kompyuta inawashwa huku F12 ikibonyezwa (kwa HP ni F9), na mfumo unafanya kazi bila kugusa diski. Hapo ndipo printa ijaribiwe, kwa sababu ndiyo inayoleta ugali. Faili za Word hufunguka kwa LibreOffice, japo jedwali la CV huweza kuhama kidogo.

Printa ikikubali, mafaili yote yanakiliwa kwenye diski ya nje, kwa kuwa kupiga mfumo upya juu ya ule wa zamani hufuta kila kitu. UPS nayo iwepo: umeme ukikatika katikati, kazi inaanza mwanzo. Na kama mfuko unaruhusu, diski ya zamani inayozunguka ibadilishwe kwa SSD. Mara nyingi uzee unaolalamikiwa uko hapo.

Linux Mint 22 inapata masasisho hadi 2029.