Chumba kidogo nyuma ya kanisa

Jumamosi asubuhi, kabla wamama hawajapanda sokoni Kadutu, mlango wa chumba kimoja nyuma ya kanisa letu hapa Bukavu hufunguliwa. Zamani tulitupia humo viti vilivyovunjika. Sasa kuna mifuko ya maharagwe juu ya mbao, bidoni za mawese, chumvi, sabuni, na unga wa muhogo ndani ya ndoo zenye vifuniko. Tunakiita depo. Hakuna lori lililoleta vitu hivyo. Vilikuja guigoz moja moja, mikononi mwa wamama wa mashirika.

Wengi mnakumbuka Mei 2021. Nyiragongo ulilipuka tarehe 22, na siku chache baadaye watu wa Goma wakaambiwa wahame. Wengine walikwenda Sake na Minova, wengine Rwanda, wengine wakavuka ziwa mpaka kwetu. Mimi nilipokea watu saba katika vyumba viwili. Juma la kwanza kila mama alipika kwa chakula chake na kwa furaha. Juma la pili chungu kikawa chepesi, na mwenye nyumba na mgeni wakaanza kuangaliana. Ndipo mama mmoja wa shirika letu akasema: tulete pamoja, tugawe pamoja. Wageni walirudi makwao, chumba kikabaki, maana tuligundua kwamba njaa ilikuwa mtaani kabla yao.

Kila shirika lina Dominika yake ya kuleta. Mwenye guigoz ya maharagwe analeta guigoz, mwenye kiganja analeta kiganja. Hatuandiki nani ameleta ngapi. Tunaandika tu kilichoingia na kilichotoka, katika daftari moja, na kufuli zetu ni mbili: ufunguo mmoja kwa mama mmoja, wa pili kwa mama wa shirika lingine. Kuna waliosema kufuli mbili ni kutoaminiana. Mimi naona ndizo zimetuepusha na maneno, na wamama wenzangu mnajua maneno ya chakula yanavyoweza kuvunja kikundi. Hata Wakristo wa kwanza waligombana juu ya hili: someni Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku, mpaka wakachaguliwa watu saba wa kuangalia kazi hiyo.

Sisi kosa letu lilikuwa lingine. Mwaka wa kwanza tulisoma majina ya wenye kupewa, baada ya misa, mbele ya watu wote. Tulidhani ni uwazi. Mama mjane mmoja, jirani yangu wa karibu, alisikia jina lake, akainuka, akatoka. Hakuja kuchukua. Jumamosi iliyofuata pia hakuja, na sisi tukasema labda amepata msaada kwa ndugu zake. Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Nilipoingia kwake hatimaye kuomba moto, nilimkuta mtoto wake wa miaka miwili amekaa pembeni bila kucheza, nywele zimekuwa nyekundu, miguu imevimba. Bwaki. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ukuta wa mbao.

Tulimbeba mtoto kituo cha afya siku ileile. Nasema jambo hili waziwazi kwa kila mama: mtoto aliyevimba miguu si wa kupelekewa unga na kuachwa nyumbani. Mwili wake hauwezi tena chakula kama chetu, anahitaji waganga wamwanzishe polepole. Uji wa mahindi na soya ni mzuri sana kumkinga mtoto, na kumrudishia nguvu akishapona, lakini hauchukui nafasi ya matibabu. Mtoto huyu alipona. Sasa anasoma.

Toka hapo hatusomi majina. Kila shirika lina wamama wawili wanaotembelea nyumba, si kwa kuhesabu vyungu vya watu, bali kwa kusalimia kama majirani. Wakiona moto haujawashwa tangu asubuhi, kitunga kinapelekwa jioni, kimefunikwa kwa kitambaa, kama mama anayepeleka sombe kwa wifi yake. Na anayepewa naye ana kazi, akitaka: kutwanga sombe za wagonjwa, kuchagua mawe katika maharagwe, kulea mtoto wa mwenzake aliyekwenda sokoni. Yule jirani yangu ndiye anayetufundisha kutunza maharagwe. Yaanikwe vizuri juani, yapoe, yajazwe katika bidoni kavu mpaka shingoni na kufungwa sana, ili fukusi wakose hewa. Tangu tumfuate hatujatupa hata guigoz moja. Unga wa muhogo hatuweki mwingi. Afadhali muhogo mkavu, tunausagisha kidogo kidogo.

Mwaka 2025 benki zilipofunga hapa mjini, mambo yaligeuka. Watu waliozoea kuleta ndio walioanza kukosa, waalimu kwanza. Mwalimu mmoja mwanamke, ambaye hakuwahi kukosa Dominika ya shirika lake, alipita mbele ya chumba mara tatu bila kuingia. Yule mjane alimwona. Hakumwita. Alingoja giza, akachukua kitunga, akaenda kwake mwenyewe. Waliyosema hatujui, lakini Jumamosi iliyofuata mwalimu alikuja na kalamu yake, akaomba aandike daftari, kwa sababu, alisema, hesabu zetu zimejaa makosa. Ni kweli zilikuwa zimejaa.

Dominika ijayo ni zamu ya mashirika ya upande wa juu. Maharagwe yapo kidogo, chumvi imekwisha. Na mwenye bidoni tupu yenye kifuniko kizima, tafadhali asiitupe.