Umbo la Chembe ya Damu na Ugonjwa wa Selimundu

Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo sana kisichoonekana kwa macho, nacho ni chembe nyekundu ya damu. Tutaeleza jinsi umbo lake linavyoisaidia kufanya kazi, na mateso yanayompata mtoto umbo hilo linapoharibika.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai, au seli, kama vile nyumba inavyojengwa kwa matofali. Lakini chembe hizi hazifanani. Kila moja ina umbo linalolingana na kazi yake. Chembe ya neva ni ndefu kama waya, kwa sababu hupeleka habari mwilini. Chembe ya msuli imejaa mitokondria, yaani vinu vidogo vya kutoa nguvu, kwa sababu kazi yake ni nzito. Karibu aina zote za chembe zina kiini, ambacho ni kama ofisi inayohifadhi maagizo ya kazi.

Je, chembe nyekundu ya damu? Kazi yake ni uchukuzi. Hubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka kila pembe ya mwili. Ili ipate nafasi ya mzigo, huitupa nje ofisi yake, yaani kiini, kabla ya kutoka kwenye uboho wa mifupa inakotengenezwa. Hata mitokondria haina, kwa hiyo haili oksijeni inayoibeba. Nafasi yote hujazwa hemoglobini, ile rangi nyekundu inayoshika oksijeni. Umbo lake ni kama kitumbua kilichobonyezwa katikati pande zote mbili. Umbo hilo huifanya iwe laini na iweze kujikunja na kupenya kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Hufanya kazi hiyo kwa siku 120 hivi, kisha huchakaa na kuondolewa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Maagizo ya kutengeneza hemoglobini huwa na kosa dogo kwa watu wengine. Hemoglobini yao ikishatua oksijeni, hushikana na kuwa nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi hizo huisukuma chembe mpaka ikapinda kama mundu wa kukatia nyasi. Ndiyo sababu ugonjwa huu huitwa selimundu, na wengi huujua kwa jina la sikoseli.

Chembe iliyopinda haipiti vizuri. Hukwama kwenye mishipa midogo na kuzuia nyingine, kama lori lililokwama kwenye daraja jembamba. Sehemu iliyo mbele hukosa oksijeni, na mgonjwa hupata maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Tena chembe hizo huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 tu. Uboho haudiriki kutengeneza nyingine za kutosha, kwa hiyo mtoto hupungukiwa na damu na macho yake huwa ya manjano. Wengu nao huharibika, na kinga yake dhidi ya maambukizi hupungua.

Mzazi atauliza, "Mbona mtoto wangu alizaliwa mzima?" Ni kwa sababu mtoto mchanga bado ana hemoglobini ya tumboni, ambayo haishikani. Inapopungua, kuanzia miezi 6 hivi, dalili huanza. Mara nyingi ya kwanza ni kuvimba mikono na miguu. Basi majirani husema amerogwa, na mama hulaumiwa. Huo si ukweli. Mtoto hupata ugonjwa huu akirithi kosa hilo kutoka kwa baba na pia kwa mama.

Aliyerithi kosa kwa mzazi mmoja tu huitwa AS, na kwa kawaida huwa na afya. Watu wawili wenye AS wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa, yaani SS. Usichanganye herufi hizi na makundi ya damu ya A, B na O.

Hapa Kenya, hali hii imeenea hasa karibu na Ziwa Victoria na Pwani. Mwaka wa 1954, Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha sababu yake: mwenye AS hukingwa kwa kiasi fulani na malaria kali. Lakini mwenye SS hana bahati hiyo. Kwake malaria ni hatari sana.

Watoto wengi hufariki kabla ya miaka 5 bila ugonjwa kutambuliwa. Lakini akitambuliwa mapema, mtoto anaweza kusoma, kufanya kazi na kuwa na familia. Mpeleke hospitali apimwe kwa kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini. Kile cha haraka cha kuonyesha chembe zikipinda hakitofautishi AS na SS.

Mambo ya kukumbuka:

1. Mpe mtoto dawa zote alizoandikiwa, kama penisilini ya kuzuia maambukizi na foliki asidi ya kusaidia kutengeneza damu. Muulize daktari kuhusu haidroksiurea, ambayo hupunguza maumivu.

2. Apate chanjo zote, na alale ndani ya neti yenye dawa kila usiku.

3. Anywe maji mengi na akingwe na baridi. Mwalimu wake ajulishwe.

4. Mkimbize hospitali mara moja akiwa na homa, akipumua kwa shida, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, au mkono au mguu ukilegea.

5. Vijana, pimeni kabla ya kuoana, ili muamue mkiwa na habari kamili.

Msikilizaji, mtoto huyu hana laana, na ugonjwa wake hauambukizi. Mpende na umtunze.