TAMBI NA DAGAA: MLO KAMILI WA FAMILIA



Kliniki ya watoto haipiti siku bila sisi wauguzi kuuliza: "Mtoto alikula nini jana?" Mara nyingi tunajibiwa, "Ugali na mchuzi," au "Chai na tambi." Mtoto ameshiba, hilo ni kweli. Lakini kushiba ni jambo moja, na kukua ni jambo jingine. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mtoto aliyedumaa huugua kwa urahisi, na hata darasani huweza kuachwa nyuma na wenzake.

Mwezi huu tutaeleza namna ya kupika tambi na dagaa nyumbani. Ni chakula rahisi, hakihitaji ufundi mwingi, na kikipikwa vizuri ni mlo kamili.

KWA NINI TAMBI NA DAGAA?

Hapa Ng'ambo tambi si chakula kigeni. Nyumba nyingi huzipika kwa sukari, iliki na nazi wakati wa Ramadhani na Idi, na jirani humpelekea jirani sahani. Siku hizi tambi ndefu, zile tunazoziita spageti, zinapatikana karibu kila duka la mtaa. Zinaiva upesi na watoto wanazipenda.

Tambi hutengenezwa kwa unga wa ngano. Kazi yake kubwa ni kutia mwili nguvu. Tukimpa mtoto tambi na sukari peke yake, tumempa nguvu juu ya nguvu, lakini hatujampa cha kujenga mwili wala cha kuulinda. Ni kama fundi aliyeletewa maji mengi pasipo tofali wala saruji.

Watu wa Pwani huchanganya tambi na kamba au ngisi. Sisi wa Tabora tuko mbali na bahari, lakini tuna reli. Tangu reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara ya Ujiji, mizigo ya Ziwa Tanganyika hutufikia kwa garimoshi. Dagaa wa Kigoma ni ndugu wa dagaa wa baharini. Huko Sicily, kisiwa cha Italia, tambi na samaki wadogo wa jamii hiyo ni chakula cha siku nyingi. Kwa hiyo anayepika tambi na dagaa Ng'ambo hajabuni kioja.

Katika dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito ni protini, chakula cha kujenga mwili. Tena dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na humo ndimo yalimo madini ya chokaa ya kuimarisha mifupa na meno. Ana pia madini ya chuma ya kuongeza damu. Nyanya na mboga za majani hukamilisha mlo kwa kuulinda mwili. Isitoshe, ni mlo unaofaa Ijumaa za Kwaresima tunapojinyima nyama.

MAHITAJI (watu 6)

- Tambi ndefu, nusu kilo
- Dagaa wakavu wa Kigoma, robo kilo (wakipungua, hata nusu ya hapo wanafaa)
- Nyanya 5 zilizoiva
- Vitunguu maji 2 na punje 4 za kitunguu saumu
- Karoti 1 na pilipili hoho 1
- Mchicha au majani ya kunde, fungu 1
- Mafuta ya alizeti, vijiko 4 vya chakula
- Ndimu 1
- Karanga zilizokaangwa, kikombe 1
- Chumvi yenye madini joto, kidogo

NAMNA YA KUPIKA

1. Chambua dagaa kwenye ungo. Ondoa mawe, majani na takataka. Usitupe vichwa, kwa kuwa navyo vina madini.

2. Osha dagaa kwa maji ya vuguvugu mara 3, ukiwatoa kwa mkono na kuacha mchanga chini ya bakuli. Ukitumia dagaa wa Mwanza waliokaushwa mchangani, ongeza mara moja au mbili. Wachuje wakauke.

3. Kaanga dagaa katika mafuta kwa moto wa wastani, dakika 4 au 5, mpaka wakauke na kubadilika rangi kidogo. Wakiungua watakuwa wachungu. Waweke pembeni.

4. Katika mafuta yaleyale kaanga vitunguu maji mpaka vilainike, kisha tia kitunguu saumu. Ongeza nyanya zilizokatwakatwa na chumvi kidogo. Funika, ukikoroga mara kwa mara, mpaka nyanya zipondeke kabisa.

5. Tia karoti iliyoparwa, hoho na dagaa, pamoja na nusu kikombe cha maji. Acha vichemke taratibu dakika 10. Mwisho tia mboga za majani zilizooshwa kabla ya kukatwa. Baada ya dakika 3 epua na ukamulie ndimu. Mboga zikikaa sana motoni hupoteza vitamini.

6. Mwenye jiko moja asihangaike: mchuzi ukishaiva, ufunike, ndipo ubandike maji ya tambi. Lita 3 na kijiko kidogo cha chumvi zinatosha. Maji yakichemka sawasawa, tia tambi na ukoroge zisishikane. Zipike dakika 8 hadi 10, ukionja. Zinatakiwa ziive lakini zisiwe uji.

7. Kabla ya kuchuja tambi, teka kikombe kimoja cha maji yake. Usizisuuze kwa maji baridi. Zimimine katika mchuzi, ongeza yale maji kidogo kidogo, na ugeuze juu ya moto dakika 2 mpaka mchuzi uzishike.

8. Twanga karanga kikwarukwaru na uzinyunyize juu ya sahani za wakubwa. Watu wa Sicily hunyunyizia makombo ya mkate yaliyokaangwa. Sisi tuna karanga, nazo zina protini na mafuta. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe, maana huweza kuwa na sumu inayodhuru ini. Mtoto mdogo asipewe karanga ngumu zisije zikamkaba. Zake zisagwe laini kabisa na kuchanganywa katika chakula.

KUGAWA CHAKULA

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea. Dagaa wengi huishia katika sahani ya baba na wageni, mtoto akabaki na tambi zilizopakwa mchuzi. Mtoto ndiye anayejenga mwili, na mama mjamzito au anayenyonyesha anajenga miili miwili. Wao wasipunjwe. Akina baba, tunawaomba mlisimamie jambo hili wenyewe mezani. Mtoto mdogo awekewe sahani yake, kwa sababu akila sinia moja na wakubwa hawezi kushindana nao.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Akitimiza miezi 6, mtengenezee unga wa dagaa: waliokwisha kuoshwa na kukauka wakaangwe bila mafuta, watwangwe na kuchekechwa. Kijiko kimoja cha chakula katika bakuli la uji kinasaidia sana. Tambi zake zipondwe laini. Mtoto wa mwaka 1 na zaidi akatiwe tambi vipande vifupi, na dagaa wapondwe.

MAMBO YA KUANGALIA

Chai: usinywe chai pamoja na mlo huu. Chai huzuia mwili kupokea madini ya chuma. Subiri walau saa moja. Ndimu na nyanya, kinyume chake, husaidia madini hayo kuingia mwilini.

Kiporo: pika kinachotosha. Tambi zilizolala nje usiku kucha huweza kuleta kutapika na kuhara, na kupasha moto hakuondoi kila sumu iliyoachwa na vijidudu.

Wagonjwa: mwenye presha anunue dagaa wasiotiwa chumvi, au awaloweke na kumwaga maji. Mwenye kisukari apunguze tambi na kuongeza mboga na dagaa. Mtu akila samaki akavimba midomo au akapumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Ununuzi: dagaa wazuri wanang'aa, ni wakavu na wana harufu ya samaki. Wenye ukungu au harufu ya dawa ya wadudu usinunue, hata wakiwa rahisi. Kumbuka pia kuna miezi ya uhaba: mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nunua wanapokuwa wengi, waanike juani tena, na uwahifadhi katika kopo safi lenye mfuniko. Wakikosekana, maharage au kunde zitashika nafasi yao.

Mwisho, ikiwa mtoto wako haongezeki uzito kwa miezi 2 mfululizo, au miguu inavimba na nywele zinabadilika rangi, usingoje. Mlete kliniki na kadi yake. Huyo anahitaji matibabu kwanza, na sahani ya tambi na dagaa itafuata.