Kusitishwa kwa Mabadiliko ya Programu na Nafasi ya Mfasiri

Mwanafunzi wa Kiswahili asikiapo habari za uundaji wa programu za tarakilishi, aghalabu hudhani kwamba hayo ni mambo ya wahandisi. Makala haya yanafafanua hatua moja ya kazi hiyo inayomgusa mfasiri moja kwa moja, nayo ni kipindi cha kusitisha mabadiliko kabla ya toleo jipya kutoka, na namna kasoro zinavyoruhusiwa kurekebishwa katika kipindi hicho.

Programu kubwa huandikwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Iwapo kila mmoja ataendelea kuongeza na kubadilisha hadi siku ya mwisho, hakuna atakayeweza kuijaribu kazi nzima ikiwa imetulia. Ndiyo maana tarehe huwekwa na mlango ukafungwa. Mfano bayana ni Debian, mfumo endeshi huria ulioanzishwa mwaka 1993. Kabla ya toleo lake la 13 kutoka tarehe 9 Agosti 2025, mlango ulifungwa kwa awamu kuanzia Machi mwaka huo, na katika awamu ya mwisho hakuna kilichopita bila idhini ya timu inayosimamia matoleo.

Hata hivyo, kasoro hazingoji kalenda. Anayetaka kurekebisha kasoro wakati huo sharti aombe ruhusa maalumu. Katika Debian, ombi hueleza sababu ya rekebisho, madhara yatakayowapata watumiaji likikataliwa, majaribio yaliyofanywa na hatari ya rekebisho lenyewe. Aidha, huambatanishwa na tofauti kamili, mstari kwa mstari, baina ya msimbo wa awali na mpya. Sehemu ya hatari ndiyo nzito zaidi. Haitoshi rekebisho kuwa sahihi. Wasimamizi hupima iwapo kosa linalojulikana ni baya kuliko kosa jipya ambalo huenda likazaliwa. Kwa hivyo, rekebisho la mistari mitatu hupita kwa urahisi kuliko lile linalopanga upya faili nzima, hata kama hili la pili ni la kupendeza zaidi.

Si msimbo pekee unaofungiwa mlango. Mradi wa GNOME, ambao hutoa matoleo mawili kwa mwaka, husitisha pia mabadiliko ya matini ya Kiingereza yanayoonekana kwenye skrini, ili wafasiri wa lugha zote wapate kumaliza kazi. Anayetaka kubadilisha sentensi baada ya hapo huomba idhini ya timu ya uratibu wa tafsiri.

Ukali huu una sababu. Katika gettext, mfumo unaotumiwa sana kuhifadhi tafsiri za programu huria, kila tafsiri hufungamanishwa na sentensi asilia jinsi ilivyo. Ikiongezwa nukta tu mwishoni, fungamano hukatika. Tafsiri ya awali huwekewa alama ya shaka, na hadi mfasiri aithibitishe, mtumiaji huona Kiingereza katikati ya Kiswahili. Wafasiri wetu si wageni wa kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili.

Isitoshe, ngeli huongeza mzigo. Mathalani, mhandisi akiondoa neno la Kiingereza lenye maana ya faili na kuweka lenye maana ya kipengee, kwake ni badiliko la neno moja. Kwa mfasiri, "faili imefutwa" hugeuka "kipengee kimefutwa", na "faili 3 zimefutwa" ikawa "vipengee 3 vimefutwa". Kitenzi nacho kimebadilika, na kila ujumbe wa aina hiyo unahitaji kupitiwa upya.

Je, ombi kama hilo likataliwe? Inategemea. Onyo linalosema faili itahifadhiwa ilhali itafutwa linastahili ruhusa hata siku ya mwisho, kwani Kiingereza sahihi ni afadhali kuliko Kiswahili kinachompoteza mtu kazi yake. Nukta iliyosahaulika haistahili. Baina ya mawili hayo, mhandisi mwangalifu hutafuta kwanza sentensi iliyokwisha kufasiriwa kwingineko katika programu hiyo hiyo, akaitumia ilivyo, na kuacha sentensi yake nzuri zaidi hadi toleo lijalo.