Pikipiki ya umeme ya bei nafuu: hesabu ya Petta hadi Busia

Gunia la njugu linalotoka Petta, wilayani Tororo, kwenda kuuzwa Busia husafiri nyuma ya pikipiki ya petroli. Mara nyingi mwenye gunia na mwenye pikipiki ni mtu mmoja, na ni pale kwenye pampu ya mafuta, asubuhi, ndipo anapojua kama safari ya leo ina faida au ni kuzungusha pesa tu. Haishangazi basi kwamba pikipiki ndogo za umeme kutoka China zinaulizwa bei na watu wengi pande zote mbili za mpaka. Hazili petroli, hazitaki oili ya injini, hazina plagi ya kubadilisha. Lakini anayeinunua kwa mtaji wa biashara, au kwa mkopo wa SACCO, akikosea atakuwa amepoteza pikipiki na njugu kwa pamoja.

Busia ina haki ya kuliuliza swali hili kabla ya miji mingine. Neno boda boda lilizaliwa mpakani hapa, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha watu na mizigo katika ile nafasi kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya, ambayo kwa miguu ilikuwa mwendo wa kuchosha. Baiskeli ikaja kupisha pikipiki. Sasa pikipiki ya petroli nayo imepata mshindani. Kigali imekwisha kuamua upande wake: tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi mjini humo isipokuwa ya umeme. Ila Kigali ni mji, na njia ya Petta si mji.

Tuanze na petroli, ambayo kila mtu anaijua. Pikipiki ya kawaida, kama Bajaj Boxer, ikiwa na mzigo hukimbia takriban kilomita 40 kwa lita. Lita ikiwa shilingi 5,000 za Uganda, kila kilomita inakula shilingi 125. Mkenya anaweza kuweka bei ya kituo chake cha mafuta hapo; njia ya hesabu haibadiliki.

Upande wa umeme kipimo ni uniti, zile zile zinazonunuliwa kwa simu kwa ajili ya taa za nyumbani. Pikipiki ya umeme yenye mzigo kwenye barabara ya udongo hutumia kama uniti 0.04 kwa kilomita, yaani uniti moja kwa kilomita 25. Uniti ikiwa shilingi 800, hiyo ni shilingi 32 kwa kilomita, na hata ukiongeza umeme unaopotea kwenye chaja hufiki 45. Hapa ndipo muuzaji husimamisha maelezo yake, akacheka, akaandika risiti.

Maelezo hayo yamekosa kitu kimoja, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote: betri huisha. Tangi la petroli halifi kwa kujazwa. Betri hufa kidogo kila inapochajiwa, na pikipiki za umeme za bei ya chini kabisa huwa na betri za asidi, ndugu wa zile za gari, kwa sababu ndizo rahisi kuliko zote.

Chukua pikipiki ya namna hiyo iliyoandikwa volti 60 na 20Ah. Zidisha 60 kwa 20 upate 1,200. Hiyo ni uniti 1.2. Kwa mzigo wa njugu itakwenda kilomita 30 na kusimama. Kuijaza tena kunataka uniti 1.5 hivi, yaani shilingi 1,200. Mpaka hapo ni nafuu, kwa kuwa petroli ya kilomita 30 ingegharimu 3,750. Lakini betri ya asidi inayokamuliwa hadi mwisho kila siku huchoka baada ya kuchajiwa mara 300 hivi. Ndani ya pikipiki hiyo zimo betri tano za volti 12. Ikiwa moja ni shilingi 150,000, seti nzima ni 750,000. Gawa kwa 300. Kila chaji imekula shilingi 2,500 za betri kabla ya umeme kulipwa. Jumla, shilingi 3,700.

Tofauti na petroli ni shilingi 50. Haitoshi hata chapati.

Na hiyo ni kama betri imefika mara 300. Ikipakiwa magunia mawili kila siku, ikilazwa bila chaji usiku ambao umeme umekatika, haifiki. Betri ya asidi iliyoachwa tupu siku mbili tatu huharibika ndani yake bila mwenyewe kuona dalili yoyote, mpaka siku inapogoma njiani na nyanya ziko nyuma zinaiva.

Betri ya lithiamu ina hesabu nyingine. Iliyoandikwa volti 72 na 40Ah ina karibu uniti 2.9, inayotosha kilomita 70 kwa mzigo ule ule. Ikiwa ni ya aina nzuri na ina saketi yake ya kuilinda, huchajiwa mara 1,500 na zaidi. Hata ikiuzwa shilingi 3,000,000, kila chaji imekula 2,000 za betri na takriban 2,800 za umeme. Petroli ya kilomita hizo 70 ni shilingi 8,750. Hapo kuna karibu 4,000 zinazobaki mfukoni kila siku ya kazi, nazo zikihesabiwa kwa siku 25 ni karibu shilingi 100,000 kwa mwezi. Pikipiki ya bei nafuu, kwa hesabu hii, ni ile iliyoonekana ghali dukani.

Bado kuna umbali. Tororo hadi Busia peke yake ni zaidi ya kilomita 30, na Petta iko ng'ambo ya Tororo. Kwenda na kurudi siku moja kunaipita betri hata ya lithiamu, labda ichajiwe Busia mchana wakati mwenyewe anauza. Mwenye pikipiki ya asidi hana hata nafasi hiyo, kwa sababu kuijaza huchukua saa sita hadi nane. Kwa hiyo anayebeba abiria ndani ya mji wa Busia au Tororo, kilomita 40 au 50 kwa siku, na analala penye umeme wa kuaminika, ana sababu nzuri ya kununua ya lithiamu. Anayetoka Petta na gunia hadi mpakani kila siku bado hana, mpaka apate mahali pa uhakika pa kuchajia upande wa pili.

Au mpaka apate mahali pa kubadilishia betri. Kampuni za Zembo na GOGO zimefanya hivyo Kampala, Ampersand imefanya Kigali na Nairobi, na Spiro imeingia Uganda na Kenya. Katika mpango huo pikipiki ni yako, betri ni ya kampuni. Unatoa iliyoisha, unapewa iliyojaa, unalipa, unaendelea na safari ndani ya dakika chache. Hofu ya betri kufa inabaki kwa kampuni. Lakini kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine, na pikipiki iliyouzwa bila betri ni chuma kitupu mahali ambapo kituo chake hakipo. Mfanyabiashara wa mpakani ana maswali mawili ya kuuliza kabla ya kutoa shilingi: kituo kilicho karibu na Busia kiko wapi kwa jina la mtaa, na je, betri niliyoichukua Uganda naruhusiwa kuibadilisha Kenya? Betri hizi hufuatiliwa kwa simu na huweza kuzimwa kwa mbali. Jibu la "tunakuja karibuni" halisukumi gurudumu.

Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri mwaka 2023, shilingi 16 za Kenya kwa uniti na 8 usiku. Wengi wameisikia na kudhani ni yao. Bei hiyo inahusu anayetumia zaidi ya uniti 200 kwa mwezi, yaani mwenye kituo cha kuchajia, si mwenye pikipiki moja sebuleni.

Kuna pia suala la kuvuka. Mpaka wa Busia una kituo kimoja cha ukaguzi kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, na wafanyabiashara wadogo wamezoea hati rahisi ya uasili wa bidhaa kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000. Wapo wanaodhani pikipiki ya umeme iliyonunuliwa upande wa pili itapita kwa hati hiyo hiyo. Haipiti. Hati hiyo ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zilizomo kwenye orodha. Pikipiki iliyotoka China haibadiliki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kulala dukani. Ushuru wake uingie kwenye hesabu tangu mwanzo, pamoja na usajili na namba. Ukiambiwa dukani kwamba hiki ni "kama baiskeli tu", hakihitaji namba, mwombe muuzaji aandike maneno hayo kwenye risiti na uone kama mkono wake utatembea. (Na kwa wale wanaofurahi kwamba haipigi kelele: watembea kwa miguu nao hawaisikii ikija, na ng'ombe pia.)

Kwa anayekwenda dukani baada ya hayo yote, karatasi ya matangazo inayosema kilomita 80 ilipimwa na mtu mmoja mwembamba, kwenye lami tambarare, kwa mwendo wa pole. Nenda na gunia lako. Mwambie, "Boss, nifungue kiti nione betri." Soma volti na Ah, zidisha, gawa kwa 1,000, kisha zidisha kwa 25, hizo ndizo kilomita zako za kweli. Uliza bei ya betri mpya leo, si bei ya pikipiki. Uliza nani mjini Tororo anaijua kontrola yake, maana fundi wa Boxer yuko chini ya kila mwembe lakini wa kontrola hayuko. Kisha pakia gunia na uiendeshe kwenye kilima, betri ikiwa imebaki nusu, kwa sababu kila betri iliyojaa hupanda vizuri. Muuzaji akikataa gunia lisipande, mrudishie ufunguo, na uulize pampu ya mafuta imefungua saa ngapi.