Dini ya Mazoea

Kuna shutuma moja ambayo mhubiri wa Injili na sheikh wa mageuzi wanakubaliana bila hata kuketi pamoja: kwamba watu wa pwani wana dini ya mazoea. Wamezaliwa ndani yake, wanaikariri tangu utotoni, na siku ya kusimama kila mtu peke yake mbele ya Mola wake hawatakuwa na la kusema. Nimeisikia kanisani, ambako nililelewa kuambiwa kwamba sala ya kweli ni ile inayotoka moyoni kwa maneno yako mwenyewe. Nimeisikia pia kwenye vipaza sauti vya mtaani kwetu Mombasa, waadhini wakishamaliza na wahadhiri wakaanza. Mimi naona shutuma hiyo imekosea, na mashahidi wangu ni Wabajuni.

Ukitoka Kismayo, Somalia, ukashika kusini kuelekea Ras Kiamboni, visiwa vyao vinakufuata sambamba na bara: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, na vingine vidogo hapo katikati. Nje kuna mwamba wa matumbawe na bahari kuu, ndani kuna mkondo mwembamba wa maji yaliyotulia. Mpaka wa Kenya haukuwakata. Ndugu zao wako Kiunga, Kiwayu, Ndau, Faza na Kizingitini, na lugha ni moja. Ni Waislamu wa Kisunni wa madhehebu ya Shafii, tena wa tangu zamani. Magofu ya misikiti na makaburi ya mawe visiwani yanashuhudia. Mwingereza Elliot aliyaandika katika miaka ya 1920, Mwitalia Vinigi Grottanelli akaja miaka ya 1950 na kutoa kitabu kikubwa mwaka 1955, kisha mwanaakiolojia Neville Chittick akapita akipima kuta miaka ya 1960. Mawe yanapimika. Anachonong'ona mtu akiwa ameshika usukani hakipimiki, ndiyo maana katika maandishi ya namna hiyo hakina nafasi kubwa.

Basi tuanze na usukani. Chombo cha kwenda mbali hakiondoki bila Fatiha. Siku ya kukishua chombo kipya huwa ni siku ya watu wote: mbuzi huchinjwa, ubani hufukizwa, mwalimu wa chuo husoma, watoto huvuta kamba wakipiga kelele kuliko nguvu wanazotoa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mgeni huiona na kuiita desturi, na hakosei. Lakini chombo kikishapita mwamba mwalimu yuko nyuma, msikiti uko nyuma, na walio ndani ni watu wanne au watano wenye kamba, mishipi na mtungi wa maji. Hapo sheria yenyewe inamtambua mtu na hali yake. Maji ya bahari ni twahara, kwa hiyo udhu upo popote. Anayeweza kusimama asimame. Chombo kikiyumba na akaogopa kuanguka, asali ameketi. Nahodha anayekwenda Lamu au Mombasa na boriti za mikoko ni msafiri, rakaa zake nne zinakuwa mbili. Na ni nani atakayempima kama kweli alishindwa kusimama? Hakuna. Katika dau la wavuvi hakuna wa kumuuliza mwenzake, kila mmoja ana kamba yake mkononi. Sijui ni faragha gani zaidi ya hiyo ambayo mhubiri wangu wa utotoni alikuwa akiitafuta aliposema tuingie chumbani na kufunga mlango.

Kibla nacho kwao ni jambo la mwili. Makka iko karibu kaskazini sawia na Kismayo, imeegemea magharibi kidogo tu. Kusi inapovuma, kuanzia Aprili au Mei, upepo unakusukuma kule kule unakoelekeza uso ukisali. Kaskazi ikirudi mwisho wa mwaka, unasali ukipigwa na upepo usoni. Tena ikweta inapita hapo hapo, jirani na Jamaame, kwa hiyo jua halina mizaha: mwaka mzima magharibi huingia mnamo saa kumi na mbili jioni, na tofauti ya mwezi hadi mwezi ni ya dakika tu. Mtoto wa Chula alijua wakati wa sala kama anavyojua maji kujaa na kupwa, bila kuambiwa na yeyote. Mazoea, naam. Lakini mazoea ya namna hiyo yamo mwilini kuliko hoja yoyote uliyowahi kushawishiwa nayo.

Wala nisiwapake Wabajuni rangi ya utakatifu. Wana nyama ya kasa. Wanazuoni wengi wa Kishafii wanaihesabu haramu, na Wabajuni, Mashafii wa kuzaliwa, wamekula kasa vizazi na vizazi, tena wakimvua kwa ujuzi wa ajabu: humfunga samaki aitwaye taza kamba mkiani, humwachia majini, naye hujigandisha kwenye gamba la kasa mpaka wote wawili wavutwe. Ukiwaona watu wakigombana juu ya dini huku sufuria iko motoni, utajua kwamba imani ya mtu ina vyumba vingi na si vyote vinafagiliwa kila siku.

Kwa wanawake dua ina uzito mwingine. Visiwani mwanamke husali nyumbani zaidi kuliko msikitini, na nyumbani ndiko bahari inakokaa usiku. Mume ametoka na kusi ya mwanzo, siku alizosema zimepita. Hakuna sala maalumu iliyowekwa kwa mwanamke anayesikiliza upepo. Kuna uradi, kuna Yasini, kuna tasbihi, kuna nadhiri: akirudi nitatoa sadaka kadha, nitasomesha Maulidi. Haya ndiyo maneno yaliyokaririwa ambayo mhubiri aliyadharau. Mimi nauliza, mtu aliyeshikwa na hofu ya namna hiyo atatunga maneno mapya kutoka wapi? Huchukua yale aliyofundishwa na bibi yake na kuyatia hofu yake mwenyewe. Maneno ni ya wote, mtu anayelilia ndani yake ni mmoja.

Na chombo kisiporudi, shida ya pili huanza, ambayo watu wa bara hawaifahamu kabisa. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, lakini inahesabiwa tangu mauti ya mume. Sasa mauti yenyewe yamethibitishwa na nani? Wapo wasiokata tumaini kwa sababu chombo kimewahi kusukumwa na upepo kikaonekana pwani nyingine. Wengine husikiliza mashahidi waliookota ubao au tanga. Yakishathibitika, kijiji husimama kwa sala ya ghaibu, sala ya maiti asiye mbele yao, kwa takbiri nne bila rukuu wala sijida. Aliyekufa maji huhesabiwa shahidi. Huo ni utulivu mkubwa kwa mama, ingawa nimewahi kumsikia mmoja, si wa visiwani, akisema angemtaka mwanawe hai na dhambi zake zote.

Zamani, amani ilipokuwepo, walilima pia bara ng'ambo ya visiwa. Usiku wa kuamkia kuchoma msitu uliofyekwa waliimba vave, tungo za wakulima za Kibajuni ambamo mna kumuomba Mungu, kusimulia kazi na kutaniana. Mashambani hawalali watu tena kama zamani. Upande wa Kenya vita vya mashifta vya miaka ya 1960 viliwarudisha visiwani, upande wa Somalia hofu ilikuwepo tangu kabla ya hapo. Vave zimebaki kwa wazee na kwa watafiti.

Sasa nije kwa Wakristo, maana nao walikuwepo, ingawa pwani hii haikuwafahamu kwanza kwa sala. Mwaka 1587 Mreno Martim Afonso de Melo aliiteketeza Faza na kumuua mtawala wake. Kwa muda mrefu baada ya hapo Mkristo alikuwa ni mtu wa mizinga. Wa namna nyingine kabisa walikuwa Waswidi wa shirika la Evangeliska Fosterlands-Stiftelsen, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamekwisha kuweka kituo Kismayo, wakati Jubaland ilipokuwa ya Waingereza. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1856 katika uamsho wa Kilutheri kule kwao, miongoni mwa watu waliosisitiza kwamba ubatizo wa utotoni na kiti cha kanisani havitoshi. Kila mtu asome Biblia mwenyewe, aamini mwenyewe, aombe kwa kinywa chake. Waliibeba imani hiyo ya mtu binafsi mpaka mji ambao hata salamu ya asubuhi huulizia ukoo mzima.

Walimpata nani? Si Wabajuni, na Wasomali wachache mno. Waliowasikiliza hasa walikuwa watu wa bonde la Juba, wengi wao waliokuwa watumwa au wana wa watumwa, wakiwemo wenye asili ya Uzigua na sehemu nyingine za kusini, waliojikomboa na kufanya makao yao msituni kando ya mto. Nadhani sababu iko wazi. Mbajuni akisema »naamini« nyuma yake wamesimama babu, msikiti na kaburi lenye jina. Mtu aliyenyakuliwa kutoka kwao akauzwa amenyang'anywa hayo yote. Kwake lile neno »mimi« la Waswidi, ambalo kwa wengine lilikuwa upweke, lilikuwa heshima: Mungu anakujua wewe, bila ukoo. Hata hivyo wengi zaidi katika watu hao hao wa Juba waliingia Uislamu wakati ule ule, kupitia masheikh wa tarika, ambao nao waliwapa kitu ambacho Mswidi hakuwa nacho kwa wingi: jamaa wa kukaa nao katika dhikri, wa kuwazika na kuwaoza.

Jubaland ilikabidhiwa Italia mwaka 1925, na mwaka 1935, vita vya Ethiopia vikikaribia, Waitalia waliwafukuza Waswidi. Kundi dogo la waumini likabaki bila wachungaji wake. Baadaye walikuja wamisionari Wamenoni, kuanzia 1953, wakafungua shule na, huko Jamaame, hospitali. Mwaka 1963 sheria ikakataza kueneza dini nyingine yoyote, shule zikataifishwa mwaka 1972, na mwaka 1976 wakaondoka. Katiba ya muda ya 2012 bado ina katazo hilo. Ukristo wa Msomali, pale ulipo, umebaki kuwa ule ule ambao Waswidi waliuhubiri kwa maana wasiyoitarajia: wa chumbani, mlango umefungwa kwelikweli. Nikiwa Mkristo ninayekwenda kanisani Jumapili kwa viatu vilivyong'arishwa, jambo hilo linanitia haya kidogo. Kwetu »imani ya binafsi« ni mada ya semina.

Kisha ukaja mwaka 2008. Al-Shabaab waliiteka Kismayo mwezi Agosti. Miezi michache baadaye walikuwa wamelibomoa kanisa la Kikatoliki la wakati wa Waitalia, ambalo tangu vita vya 1991 halikuwa na waumini, na kabla ya mwaka kwisha wakayavunja pia makaburi ya masheikh wa Kisufi ambayo watu walikuwa wakiyazuru. Magazeti ya nje yaliandika habari hizo kama mbili. Kwa macho yangu ni habari moja. Waliobomoa walikuwa na hoja ya yule mhubiri na yule sheikh wa kipaza sauti, ila wao walikuwa na nyundo: kwamba ibada iliyoshikamana na mahali, na wafu, na mazoea si ibada. Walitoka mjini mwaka 2012, walipofika wanajeshi wa Kenya na wenzao wa Kisomali. Lakini kaburi likivunjwa dua iliyosomwa hapo haivunjiki. Aliyekuwa akimsomea sheikh Fatiha pale kaburini humsomea akiwa jikoni.

Wengi wa Wabajuni hawakuwepo kuyaona hayo. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, wanamgambo walivamia visiwa, wakachukua vyombo, injini na nyavu, na yeyote aliyepata nafasi alipanda chombo kwenda Kenya. Waliwekwa kambini Jomvu, nje kidogo ya Mombasa, mpaka kambi ikafungwa katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Wengine walirudi visiwani, wengine walijichanganya Mombasa, wengine wakafika Uingereza, ambako maofisa waliwahoji lugha na majina ya visiwa ili kujua kama ni Wabajuni kweli.

Aliyefikia Glasgow alikuta kibla imehama: si kaskazini tena, ni kusini-mashariki, nyuma ya mgongo aliouzoea. Desemba magharibi huingia kabla ya saa kumi jioni, saa ambayo Chovai jua bado linachoma. Juni isha haiji mpaka mtu ameshikwa na usingizi. Kila alichokijua kwa mwili sasa anakisoma kwenye simu. Na bado anasali, jambo ambalo lilipaswa kuwanyamazisha wale wa »dini ya mazoea«, kwa kuwa mazoea yenyewe yote yameondolewa: bahari, upepo, adhana, bibi, hata upande wa kuelekea.

Msiba ukitokea siku hizi habari hufika kwa WhatsApp kabla maiti hajaoshwa. Mtu mmoja, mara nyingi mama mtu mzima mwenye sauti ya amri, hugawa juzuu thelathini: hizi Mombasa, hizi Kismayo, hizi Glasgow, hizi kwa mpwa aliyeko Nairobi na ambaye kila mara huchelewa. Kila mtu husoma yake mahali alipo, basini au kazini baada ya kuchukua udhu, kisha huandika »tayari«. Juzuu ya mwisho, yenye sura fupi, hupewa mtoto. Mama huhesabu, hukuta zimepungua mbili, huanza kupiga simu.