Kuendesha baiskeli wakati wa mvua mkoani Mara

Kuendesha baiskeli wakati wa mvua ni sehemu ya maisha ya wakazi wengi wa Musoma, Bunda na Butiama katika mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania. Baiskeli hubeba wanafunzi, maziwa, dagaa, mkaa na madumu ya maji katika misimu yote.

Hali ya hewa

Mkoa uko upande wa mashariki wa ziwa Viktoria. Mvua za vuli hunyesha hasa kuanzia Oktoba hadi Desemba, na za masika kuanzia Machi hadi Mei. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani. Ukikutana na upepo wa mashariki, hewa hupanda na kujenga mawingu ya radi, mara nyingi alasiri. Kwa sababu hiyo mwanafunzi anaweza kwenda shuleni njia ikiwa kavu, akarudi katika dhoruba.

Barabara

Barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, inayopita Bunda, ina lami. Lami huteleza zaidi mvua inapoanza, kwa kuwa vumbi na mafuta huchanganyika na maji. Njia nyingi za vijijini ni za udongo. Mahali penye udongo mweusi wa mbuga, tope hunata kwenye tairi na kujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu likwame. Hapo ni afadhali kushuka na kusukuma.

Breki

Baiskeli nyingi za mizigo zina rimu za chuma. Zikilowa, mpira wa breki hushika kwa shida, na mzigo huongeza umbali wa kusimama. Mwendeshaji hupunguza mwendo mapema, hugusa breki kidogo kidogo ili kufuta maji, na hakati kona kwa ghafla.

Radi na mito

Tairi za mpira hazimkingi mtu na radi. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde 3. Ngurumo ikisikika chini ya sekunde 30 baada ya mmweko, radi iko karibu kilomita 10 au pungufu, na inafaa kuingia ndani ya jengo imara. Chini ya mti si mahali pa kujikinga.

Hatari nyingine ni makorongo yanayofurika. Maji yanaweza kujaa hata pale ambapo mvua haijanyesha, kwa kuwa imenyesha juu zaidi. Maji ya kasi yanayofika magotini huweza kumwangusha mtu mzima, na baiskeli hushikwa na mkondo. Kusubiri yapungue, au kurudi, ni salama kuliko kuvuka.

Matunzo

Baada ya safari baiskeli huoshwa tope, hukaushwa, na mnyororo hutiwa mafuta ili usishike kutu.